Gitaa la dola 140 lililowatuliza farasi mia mbili

Saa mbili kasorobo, Jumamosi asubuhi. Jikoni mafuta yanachemka na harufu ya kahawa imejaa ukumbi mzima. Wanaume wenye kofia pana na mabuti yaliyong'arishwa wamepanga foleni ya mayai na budeni, ile soseji ya wali na nyama ambayo Mkreoli wa Opelousas asipoionja asubuhi hakubali kwamba amekula.

Jukwaani, Eulalie Malveaux amesimama peke yake. Amefunga kitambaa cha bluu kichwani, gitaa la besi linaning'inia begani, na macho ameyafumba. Hapigi wimbo. Anagusa uzi mmoja, anasikiliza, kisha kwa kidole gumba anazungusha kitufe kidogo cha chini, kiasi cha upana wa punje ya mchele. Anagusa tena.

"Shangazi Lalie, unakipapasa hicho kitufe kama mtu anayefungua kasiki la benki!" mpishi anamtania kutoka dirisha la jikoni.

"Benki ya hapa ingekuwa na pesa ningeshaifungua zamani," anajibu bila kufumbua macho. "Wewe angalia mayai yako, yanaungua."

Yanaungua kweli.

Eulalie, ambaye karibu kila mtu katika mji huu wa Louisiana anamwita Shangazi Lalie, ana miaka 58. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa ni fundi katika duka la mashine za kufulia, mahali ambapo watu huja na vikapu vya nguo na sarafu mfukoni. Mashine kumi na mbili za kufua na tisa za kukausha ziko mikononi mwake. Analipwa dola 15 kwa saa, na analala chini kwenye sakafu yenye maji mara nyingi kuliko anavyokaa kwenye kiti.

Jumamosi ni siku nyingine. Jumamosi yeye ndiye besi ya bendi ya zaideko, muziki wa dansi wa Wakreoli, ya Mzee Nolton Bellard, mpiga akodiani mwenye umri wa miaka 66. Wamepiga pamoja miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo Lalie hajawahi kupanda jukwaani na gitaa jingine.

Ukiliona gitaa lenyewe utadhani limeokotwa. Rangi yake ya chungwa imefifia, na pale mkono unapopumzikia mbao imebaki tupu. Lina nyuzi nne na vitufe vitatu vya kuzungusha. Viwili ni vya nguvu ya sauti, kimoja kwa kila sumaku inayonasa mlio wa nyuzi. Cha tatu ni cha kuufanya mlio uwe mkali au mzito. Halina betri wala taa, na halina kitu chochote cha kuchaji.

"Hiki cha tatu mimi nakiita pazia," anasema Lalie. "Ukilifungua lote, mwanga wote unaingia, mpaka ule unaokuumiza macho. Ukilivuta kidogo, chumba kinatulia. Lakini sikia, pazia haliwezi kukutengenezea mwanga. Kazi yake ni kupunguza tu."

Kwenye kitufe hicho ameweka nukta mbili kwa rangi ya kucha. Nyeupe ni ya ukumbi huu wa kifungua kinywa. Nyekundu, iliyo chini kabisa karibu na mwisho wa mzunguko, ni ya farasi.

Hiyo nyekundu ndiyo iliyokiokoa kiti chake kwenye bendi.

Lalie alilinunua gitaa hilo katika duka la vitu vilivyowekwa rehani. Lilikuwa limeandikwa dola 200. Muuzaji akamwambia ukweli kwamba kitufe cha tatu kimekufa, ukikizungusha kinakoroma tu, basi akampunguzia mpaka 140. Lalie alikuwa na miaka 38, mjane mwenye mabinti wawili, na hakuwa amewahi kushika ala yoyote ya nyuzi.

"Niliona kitu kilichoharibika ambacho nina uwezo wa kukitengeneza," anasema. "Ugonjwa wangu ndio huo. Hata harusini naenda na bisibisi."

Alilipeleka kazini, akalilaza juu ya meza ya kukunjia nguo na kufungua kifuniko. Alitarajia msitu wa nyaya. Alikuta vidude vitatu vya kuzungusha, tundu la waya, na kapasita moja ndogo yenye ukubwa wa dengu, mguu wake mmoja umeachia.

"Nikacheka peke yangu! Mashine ya kukaushia soksi ina nyaya mara arobaini ya hizo. Nikasema, kumbe muziki wote ule unaotikisa kuta unapita hapa padogo hivi?"

Kapasita mpya ilimgharimu senti themanini. Akaichomea kwa risasi, akasafisha vumbi, akafunga. Kisha akaazima maktaba kitabu cha umeme, akakisoma kwa miezi miwili wakati akisubiri mashine zimalize mizunguko, kwa sababu alitaka kujua ni kwa nini alichofanya kimefanikiwa. Mafundi wengi wakishaona kitu kimewaka wanafunga kisanduku na kuondoka. Lalie akakifuata kile kidude cha senti themanini mpaka akaelewa kwamba kinaimeza milio mikali na kuiacha mizito ipite.

Kupiga nako alijifunzia palepale dukani. "Mashine nane zikizunguka kwa pamoja, hakuna mtu anayesikia makosa yako," anasema. "Na zinakufundisha mwendo. Mashine ya kufulia haikimbilii mwisho wa wimbo."

Mwaka uliofuata mpiga besi wa Mzee Nolton alipata kazi kwenye mitambo ya mafuta baharini, akaondoka bila kuaga. Mzee Nolton alikuja dukani na blanketi la farasi, ambalo kwa kawaida haliruhusiwi kuingizwa kwenye mashine, akamkuta fundi amekaa juu ya ndoo, anapiga.

"Nilimuuliza, mama, hiyo unayopiga ni nini?" anakumbuka Mzee Nolton. "Akaniambia, ni mashine namba saba. Nikasema haya, Jumamosi njoo na mashine namba saba."

Hivyo ndivyo alivyoingia. Lakini kuingia ni jambo moja na kuhesabiwa ni jingine.

Huku kwetu bendi ya zaideko ni ukoo. Kabla mtu hajauliza unapiga nini, anauliza bibi yako alikuwa nani. Kila onyesho likikaribia kwisha, Mzee Nolton huita wapigaji wake mmoja mmoja. Mwanawe mkubwa: "Kwenye ngoma, Bellard!" Binti yake, anayevaa lile bati la kifuani na kulikwaruza kwa vijiko: "Kwenye bati, Bellard!" Mwanawe wa pili: "Kwenye gitaa, Bellard!" Halafu, kwa sauti iliyoshuka kidogo, anamalizia: "Na kwenye besi, Eulalie."

Bila jina la ukoo. Mara nyingi, anasema Lalie, watu walikuwa wameshaanza kupiga makofi ya wale Bellard watatu na hawakulisikia la kwake.

"Sikununa," anasema. Halafu anafikiri. "Aa, nilinuna. Lakini nilinuna nikiwa napiga."

Machi mwaka jana, Jarvis Bellard alirudi kutoka Houston. Ni mtoto wa kaka yake Mzee Nolton, ana miaka 31, amefanya kazi kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta na amepiga besi katika bendi za mjini. Alikuja na gitaa la nyuzi tano la dola 2,800, linalong'aa kama gari jipya. Lina vitufe sita na swichi mbili, na ndani yake kuna betri ya mraba inayokuza sauti kabla haijafika kwenye amplifaya. Ukitaka mlio mkali linauongeza. Ukitaka mzito linauongeza pia.

Alipoliona gitaa la Lalie mara ya kwanza, aliliinua kwa mikono miwili.

"Shangazi, hili ni gitaa au ubao wa kukatia vitunguu?"

"Lirudishe taratibu, mwanangu. Vitunguu vyenyewe bado havijaja."

Wote wawili wanasimulia kisa hicho leo wakicheka. Siku ile Lalie hakucheka sana.

Wiki mbili baadaye Mzee Nolton alimfuata dukani. Hakuleta blanketi. Alisimama karibu na mashine namba saba, kofia mkononi.

"Lalie, unajua mambo ya damu," alimwambia. "Kijana amerudi. Watu wananiuliza, Bellard yupo, kwa nini besi ya Bellard inapigwa na mtu wa nje?"

"Miaka kumi na nane, Nolton, bado niko nje?"

"Sijasema mimi. Nasema wanavyosema."

Walipatana hivi. Jumapili ya pili ya Aprili kulikuwa na msafara mkubwa wa farasi, ule wa kufungua msimu. Jarvis angepiga besi siku hiyo. Jioni, kwenye malisho msafara unapoishia, Mzee Nolton angewaita wapigaji wake mbele ya watu wote kama kawaida, na jina ambalo angeliita kwenye besi ndilo lingekaa msimu mzima: Jumamosi ishirini na mbili za kifungua kinywa na matamasha matatu.

"Wewe njoo kama mgeni," Mzee Nolton akamwambia. "Kula, starehe."

Lalie alikuja kama mgeni. Alileta sufuria ya wali, kiti cha kukunja, na gitaa ndani ya mfuko wake.

"Watu wakaniuliza, Lalie, hilo la nini? Nikawaambia, na nyie mbona mmekuja na farasi?"

Siku ile msafara ulikuwa na farasi kama mia mbili. Mbele kabisa trekta lilivuta tela la bendi, na juu yake jenereta lilikuwa likinguruma pembeni. Spika zilitazama nyuma, kwa farasi. Nyuma ya waliopanda farasi yalifuata matela ya watu wasiopanda, na la kwanza kati ya hayo ndilo alilokuwamo Lalie. Njia ilikuwa nyembamba, ya udongo, na pande zote mbili palikuwa na mabwawa ya kufugia kamba wa kuliwa.

Yeyote aliyekulia kwenye misafara hiyo anajua kwamba farasi wa mbele hutembea kwa besi. Hawajali akodiani. Ule mlio mzito unawafikia kupitia ardhini, na ukiwa sawasawa wanashika hatua moja mpaka mtu anaweza kunywa kahawa akiwa juu ya tandiko.

Jarvis alianza vizuri. Vidole vyake ni vyepesi, na hakuna anayebisha. Lakini alikuwa amefungua milio mikali yote, na alikuwa akizichapa nyuzi kwa kidole gumba kama wanavyofanya mjini. Kila alipochapa, masikio ya farasi wa mbele yalilala nyuma.

Pervis Lazard, mfuga ng'ombe mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, alikuwa mstari wa kwanza juu ya farasi wake wa kijivu.

"Jarvis!" alipaza sauti. "Farasi wangu amekuja kutembea, hakuja kupigwa makofi!"

"Mzoeshe, Mjomba Pervis! Huu ndio muziki wa sasa!"

"Nimzoeshe? Ameshakanyaga buti la jirani mara mbili!"

Watu walicheka. Kabla ya wimbo wa nne kwisha, besi ilianza kukoroma. Ikakwaruza kama redio iliyopoteza kituo, ikafifia, kisha ikanyamaza kabisa.

Jarvis alizungusha vitufe vyote sita. Alibonyeza swichi zote mbili. Akatazama amplifaya: inawaka. Akatazama waya: mzima. Halafu, anasema mwenyewe, akakumbuka.

Mchana wa jana yake, bendi ilipokuwa ikijaribu vyombo kwenye banda la Mzee Nolton, alikuwa amewaonyesha binamu zake mlio mmoja mmoja. Walipoitwa kula, alilifunika gitaa kwa blanketi na kuondoka, waya bado umechomekwa. Magitaa ya aina ile hunywa betri muda wote waya unapokuwa ndani, hata kama hakuna anayepiga. Lilikuwa limekunywa tangu mchana mpaka asubuhi.

"Nilijua," anasema Jarvis. "Kila mpiga besi anajua. Ni kosa la siku ya kwanza shuleni. Nililifanya siku ambayo ukoo wangu mzima ulikuwa unanitazama."

Trekta halikuweza kusimama. Ukisimamisha tela mbele ya farasi mia mbili kwenye njia nyembamba, wa nyuma wataishia kwenye mabwawa. Ikabidi bendi iendelee bila besi. Ngoma ilikuwapo, bati lilikuwapo, na akodiani ya Mzee Nolton ilikuwa ikilia kwa nguvu zote, lakini chini yake hapakuwa na kitu. Hatua za farasi zikavunjika. Mmoja akarudi kinyumenyume. Mtoto aliyepakatwa na baba yake akaanza kulia.

"Nani ana betri ya mraba?" Mzee Nolton aliuliza kwenye kipaza sauti.

"King'ora cha moshi!" mtu akajibu. "Ving'ora vya moshi vinazo!"

Nyumba pekee iliyokuwa karibu ilikuwa ya Bi Ozite Papillion, mwenye miaka 84, aliyekuwa amekaa barazani kuutazama msafara. Pervis akamgeuza farasi wake wa kijivu na kukimbia kupitia ukingo wa bwawa. Mabishano yao yalisikika mpaka njiani.

"Bi Ozite, tunaomba betri ya king'ora chako cha moshi!"

"Ili niungue nyie mcheze?"

"Ni kwa dakika chache tu, bibi!"

"Moto nao ni wa dakika chache! Na viatu vyako vua, nimepiga deki!"

Wakati huo Lalie alikuwa ameshashuka kutoka tela lake. Alipita pembeni ya farasi, mfuko wa gitaa mgongoni, akitembea kwa haraka ya mwanamke wa miaka hamsini na saba anayekataa kuonekana anakimbia. Alipolifikia tela la bendi likiwa bado linakwenda, mkono ulinyooshwa kumvuta juu. Ulikuwa wa Jarvis.

"Panda, Shangazi."

Akapanda. Akachomoa waya kwenye gitaa la dola 2,800 na kuuchomeka kwenye lake. Tela zima likajaa mvumo.

Ulikuwa mvumo mbaya, mzito, kama nyuki ndani ya debe. Sumaku za gitaa lake zinanasa kila umeme ulio karibu, na jenereta lilikuwa hatua tatu tu kutoka hapo. Mzee Nolton aligeuka, uso umekunjamana.

"Shangazi, linavuma!" Jarvis akasema.

"Nasikia. Ni kitufe kimejizungusha ndani ya mfuko."

Hapa ndipo kile kitabu cha maktaba kilipomlipa. Sumaku zake mbili zimesukwa kinyume, moja hivi na nyingine vile. Kila moja peke yake inanasa mvumo. Zikifunguliwa sawasawa, mvumo wa moja unaufuta wa nyingine. Lakini lazima zilingane. Ukipunguza moja hata kidogo, ukidhani unatafuta mlio mtamu, nyuki wanarudi.

Lalie alivizungusha vitufe vya sauti vyote viwili mpaka mwisho.

Mvumo ukakatika. Kama mtu aliyefunga mlango.

Kisha kidole gumba kikashuka kwenye kitufe cha tatu na kukirudisha mpaka nukta nyekundu. Akasikiliza ngoma kwa mizunguko minne, hakugusa kitu. Wa tano akaingia.

"Sikusikia gitaa," anasema Pervis, ambaye wakati huo alikuwa akirudi kwa kasi, betri mfukoni. "Nilihisi farasi wangu amebadilika chini yangu. Alikuwa anakimbia, akapunguza mwenyewe, akashika hatua. Nikasema, huyo ni Lalie."

Mstari wa kwanza ukatulia, ukafuata wa pili. Kutoka juu ya tela, wanasema waliokuwapo, ungeweza kuona utulivu ukirudi nyuma mstari kwa mstari mpaka mwisho wa njia, vichwa mia mbili vikipanda na kushuka pamoja. Yule mtoto alinyamaza. Kwenye matela ya nyuma watu wakasimama kucheza.

Jarvis alikuwa amesimama kando ya Lalie, macho kwenye mkono wake wa kulia. Alichokiona, anasema, hakikuwa kwenye kitufe chochote. Kidole chake kilikuwa kinaugusa uzi karibu na shingo ya gitaa, pale unapolegea, na kinauachia taratibu.

"Langu linaongeza," Jarvis anasema. "Nikipiga vibaya naongeza, nasikika. La Shangazi haliwezi kuongeza hata chembe. Kila kitu lazima kiwe kimeshatoka kwenye kidole. Miaka kumi na mbili napiga besi, sikuwahi kulijua hilo."

Pervis alifika ubavuni mwa tela, akainyoosha betri juu.

"Shika! Nimeinyofoa darini kwa mikono yangu. Amesema akiungua atanifuata mpaka kanisani!"

Jarvis aliipokea. Aliitazama, akaigeuza kiganjani. Wimbo ulikuwa ukiendelea na Lalie hakugeuka. Hapakuwa na mtu ambaye angemlaumu Jarvis kama angeifunga na kudai nafasi yake. Siku ile ilikuwa yake kwa makubaliano.

Akainama, akamrudishia Pervis.

"Mpelekee bibi betri yake," alisema. "Huku besi ipo."

Msafara uliingia malishoni saa kumi jioni. Nyama ilikuwa imeshaiva, farasi wakapelekwa kunywa maji, na watu wakalizunguka tela kwa wimbo wa mwisho. Kila mtu alijua kilichokuwa kinasubiriwa. Lalie alizifuta nyuzi kwa ncha ya kitambaa chake.

Mzee Nolton aliishusha akodiani kidogo, akasogea kwenye kipaza sauti.

"Kwenye ngoma, Bellard!"

Makofi.

"Kwenye bati, Bellard!"

Makofi.

"Kwenye gitaa, Bellard!"

Wakati huu sauti yake haikushuka.

"Kwenye besi," akasema, "Eulalie Bellard!"

Lalie alidhani mzee amekosea. Alisogeza mdomo kwenye kipaza sauti chake na kumsahihisha mbele ya umati wote.

"Malveaux!"

"Nimesema nilichosema!" Mzee Nolton akajibu, na kelele zilizofuata, anaapa Pervis, ndizo pekee zilizowashtua farasi jioni ile.

Leo Jarvis ana magitaa mawili. La pili alilinunua Juni mwaka jana kwenye duka lilelile la rehani. Lina nyuzi nne na vitufe vitatu, halina betri, na alilipa dola 165. Shangazi Lalie anasema alipunjwa.

Kila Jumanne, kuanzia saa kumi jioni, Jarvis anakuja nalo kwenye duka la mashine za kufulia. Hayuko peke yake. Kuna wanawake watano wanaojifunza pale, mmoja mpishi wa shule, mmoja dereva wa lori la mchele, na watatu ambao walikuja tu kufua nguo wakabaki. Wanakaa juu ya ndoo zilizogeuzwa. Somo la kwanza kwa kila mtu ni kufungua kifuniko na kutazama ndani. Wiki nzima ya pili ni uzi mmoja, vitufe vyote vimefunguliwa, bila kugusa chochote.

"Wanalalamika," anasema Lalie. "Wananiambia, Shangazi, mlio unakera, tupunguze basi. Nawaambia subirini. Kwanza muwe na kitu cha kupunguza."

Mwenye duka amempa ukuta wa nyuma, kando ya mashine za kukaushia. Lalie ameshapigilia misumari minane ya kutundikia magitaa. Mpaka sasa mitatu imepata wenyewe, yote magitaa mabovu aliyoyanunua kwa bei ya chini na kuyatengeneza. Anataka ukuta ujae kabla ya msafara wa Aprili ijayo, na mwaka huo, anasema, tela la pili nyuma ya farasi litakuwa na bendi ya wanawake wa dukani, ili hata farasi wa mwisho wapate besi.

Na kiti chake kwa Mzee Nolton?

"Nitakikalia mpaka nifike sabini. Halafu nampa Jarvis." Anamtazama kijana, ambaye asubuhi hii amekuja kubeba spika na sasa anakula budeni yake ya tatu. "Kama atakuwa ameshajifunza kupunguza."

"Nimeshapunguza, Shangazi! Nilikuwa nakula nne!"

Saa mbili kamili. Kahawa zinawekwa mezani, viti vinasukumwa ukutani, na wazee wa mabuti wanawanyooshea wake zao mikono. Mzee Nolton anapanda jukwaani, anavaa akodiani, anatazama kulia na kushoto. Siku hizi anawaita wapigaji wake mwanzoni pia.

Lalie anavifungua vitufe viwili mpaka mwisho, pazia analivuta hadi nukta nyeupe, na anasubiri jina lake.